Venga Maana Yake Njoo, Au Nimekosea?

Aliyeniambia Kihispania ni mteremko kwa Mswahili ni shemeji yangu, na deni hilo nitamdai hadi akhera. "A, e, i, o, u zilezile za kwetu! Hata meza wanaiita mesa." Kweli, irabu ni zilezile. Konsonanti je, mbona alizinyamazia?

Nina miezi minane hapa Madrid. H wanaiandika, kuitamka hawaitamki: hola ni "ola". Kazi yake kapewa J, tena inakwaruza koo kama KH ya Khamisi. Ukimwita Juan "Juani", hageuki ng'o. LL nayo ni Y, kwa hiyo kuku, pollo, anaitwa "poyo"; bado silabi moja tu awe poyoyo kama mimi. Halafu gracias ya huku inataka TH ya thelathini. Jamani, mimi darasa la tatu nilichapwa kwa kusema "selasini", nikadhani yale yameisha!

Nikaenda kwa kinyozi. Nywele ni pelo. Sasa kijijini kwetu R na L zinalala kitanda kimoja, na mwalimu wangu hapa kila siku ananihimiza R niitetemeshe. Nikaitetemesha haswa. Kinyozi akachungulia chini ya kiti, akatazama na mlangoni. Kumbe nimesema perro. Nimemwomba amnyoe mbwa.

Ya bafuni tuyaache. Nitasema tu kwamba bomba lenye C ni la caliente, yaani moto, na mgongo wangu ni shahidi.

Ila anayenimaliza kabisa ni bibi mwenye nyumba. Kukubali kwake ni vale, anaitamka "bale", na moja haimtoshi: bale, bale, bale! Jumapili kanipigia simu kuhusu kodi, tukaelewana vizuri, mwishoni akasema, "Venga, hasta luego." Kamusi yangu inasema venga ni njoo. Mtu mzima akikuita unauliza maswali? Nikavaa shati la kola, nikabeba machungwa kilo 2, maana kwa bibi hakuendwi mikono mitupu, nikapanda treni ya chini ya ardhi vituo 11.

Kafungua mlango na gauni la kulalia. Akanitazama mimi, akayatazama machungwa.

Kumbe venga ya kwenye simu ni kama "haya" yetu. Haya basi, kwaheri. Mtu anakufukuza kwa neno la kukuita!

Kwa huruma akanipa kahawa. Nikakaa nusu saa namtajia vitu vilivyopo mezani, naye akisema bale. Nilipoaga akanisindikiza hadi mlangoni, akanipigapiga begani: "Venga, venga."

Nikabaki nimesimama, mguu mmoja nje, mmoja ndani.