Kijana aliyefika peke yake ameshahojiwa vya kutosha

Kijana wa miaka 16 anayeomba hifadhi Uingereza bila mzazi wala ndugu haishi kuulizwa maswali. Maofisa wa mpakani wanataka kujua alifikaje. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anauliza habari za familia, mwanasheria anachukua maelezo, kisha Wizara ya Mambo ya Ndani inamwita kwenye mahojiano makuu. Umri wake ukitiliwa shaka, anakalishwa tena mbele ya maofisa ustawi, kwa kawaida wawili, wapime majibu yake. Wote hao wanaandika. Ndiyo maana naamini rafiki wa kujitolea, yaani mtu ambaye mradi wa hisani unampangia kukutana na kijana kama huyu kila wiki, anafaa zaidi akiwa mtu mzima asiyeuliza, na anayekuja siku aliyosema atakuja.

Si suala la upole tu. Tuseme kijana amekwambia aliondoka Goma mwezi Machi, nawe kwenye barua ya kumuunga mkono ukaandika Mei. Tofauti hiyo inaweza kutumiwa kudai kwamba hasemi kweli. Barua iandikwe pale tu mwanasheria wake anapoiomba, na iwe na uliyoyaona kwa macho yako: mmekutana tangu lini, anahudhuriaje masomo, anaishije na wenzake. Usijaribu kumshauri juu ya kesi. Chini ya sheria ya uhamiaji ya 1999, kutoa ushauri huo bila kuidhinishwa ni kosa la jinai, hata kwa shirika lisilotoza senti. Akikuonyesha barua ya kukataliwa, jambo moja tu linakuhusu: apige simu kwa mwanasheria siku hiyohiyo, kwani muda wa kukata rufaa akiwa ndani ya nchi kwa kawaida ni siku 14, na barua huwa imeshakula siku kadhaa njiani au mezani.

Akianza kusimulia mwenyewe, msikilize wala usichimbe. Ila siri usimwahidi. Akisema anapigwa, anatumikishwa, anadaiwa na waliomsafirisha au anawaza kujiua, msimamizi wako kwenye mradi lazima ajue siku hiyohiyo, na kijana awe ameambiwa hivyo tangu mlipokutana mara ya kwanza.

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna mtihani wetu. Utapewa kijana kutoka Kivu, au Mbajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia, na haraka sana utaombwa umtafsirie kwa daktari au kwa mwanasheria. Kataa. Mkalimani aombwe wakati miadi inapopangwa, na itajwe wazi ni Kiswahili cha wapi. Fomu ikiandikwa “Kiswahili” basi, analetwa mkalimani wa Nairobi, na kijana wa Kibajuni anaitikia kwa kichwa mambo ambayo hakuyaelewa, kwa kumheshimu mkubwa. Jibu hilo linabaki kwenye faili. Kitu unachoweza kumfundisha ni sentensi moja ya Kiingereza, ya kusema kwamba hamwelewi mkalimani. Aizoee mpaka imtoke bila aibu, na aitamke mwanzoni kabisa mwa mahojiano.

Mtihani wa pili ni undugu. Atakuita anti au mjomba, na kwetu anti haachi mtoto alale na njaa, wala hamnyimi nauli. Mashirika mengi yanakataza kumpa pesa au kumpeleka nyumbani kwako, na mimi naunga mkono katazo hilo: kijana mwenye deni kwa wasafirishaji akijua una pesa, wao nao watajua. Mweleze siku ya kwanza, mbele ya mlezi wake, ili asidhani baadaye kwamba amekukosea. Upungufu wa chakula au koti la baridi mpelekee afisa ustawi kwa maandishi, maana halmashauri ndiyo inayopaswa kumtunza kwa sheria ya watoto ya 1989.

Kukutana saa mbili kwa wiki, siku ileile, mahali pa wazi, kunatosha. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo anzeni mapema. Chagueni shughuli ya mikono au miguu: mpira, kupika kwenye jiko la kituo, kutafuta kinyozi anayezijua nywele zake. Njia ya chuo pandeni basi pamoja kwenda na kurudi, na safari ya pili yeye atangulie, wewe ufuate. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, basi kadi ikaguliwe kabla hamjatoka. Ukiugua, mpe taarifa mapema na umtajie siku nyingine.

Ninalolipinga wazi ni miradi inayomwondoa rafiki wa kujitolea mara kijana anapotimiza miaka 18. Huo ndio wakati anapoweza kuhamishwa nyumba na kubadilishiwa afisa, na wenye tarehe ya kuzaliwa isiyojulikana mara nyingi huandikiwa Januari 1, kwa hiyo mambo haya huwakuta katikati ya baridi na ofisi zimefungwa. Kabla hujajiandikisha na kuombewa cheti cha kuonyesha kama una rekodi ya uhalifu, muulize mratibu kama mtaendelea baada ya siku hiyo. Akisema hapana, tafuta mradi mwingine.