Chuchumaa, nyoosha mgongo. Na gunia je?

Somo la kujikinga na maumivu ya mgongo kazini huanzia palepale kila siku: chuchumaa, nyoosha mgongo, inua kwa nguvu za miguu. Kwa dumu la mawese la lita 20, yaani kama kilo 18, ushauri huo hauna ubaya, ingawa lililo kubwa zaidi ni kuukumbatia mzigo karibu na mwili na kugeuka kwa miguu badala ya kukizungusha kiuno.

Sasa nenda mwaloni Kibirizi, Kigoma, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inapopakiwa. Wawili wanashika masikio ya gunia, wanalinyanyua kwa mpigo mmoja, wa tatu anajipenyeza chini na kutwishwa mabegani. Hapo apite juu ya ubao unaonesa hadi ndani ya boti, ajipinde kulitua. Achuchumae saa ngapi?

Watetezi wa mafunzo wanasema hayagharimu sana, na kijana mgeni asipofundishwa ataiga chochote atakachokikuta. Ni kweli. Lakini mapitio ya tafiti ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, hayakupata ushahidi kwamba kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo kunazuia maumivu ya mgongo. Mazoezi ya viungo yana dalili nzuri zaidi, japo kumwambia mchukuzi akafanye mazoezi jioni ni kama kumtania.

Mimi naegemea kupunguza uzito wa mzigo wenyewe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba pale mwanamume mzima anaporuhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, kiwango kishushwe haraka hadi hapo. Sheria yetu ya vipimo inapiga marufuku lumbesa, ila kikomo chake ni kilo 100 kwa gunia la mazao, kwa kuwa iliwekwa kumlinda mkulima asipunjwe. Mgongo wa mchukuzi haumo. Gunia halali kabisa bado linakaribia mara mbili ya kilo zile 55.

Wanaopinga magunia madogo, wakiwemo wachukuzi wenyewe, hawabishi bure. Ujira ni kwa gunia: likigawanywa mara mbili na malipo nayo yakigawanywa, mtu atapanda ubao mara mbili kwa pesa ileile. Kwa hiyo nusu gunia lilipwe zaidi ya nusu ya ujira, maana hata kurudi mikono mitupu ni kazi. Tofauti hiyo ailipe mwenye mzigo.