Ceph kwenye FreeBSD: cha kuvusha na cha kuacha

"Yaya, si ni programu huria? Tunaikompaili upya, basi."

Aliyesema hivyo ni mmoja wa vijana wawili wa Kampemba, hapa Lubumbashi, wanaotunza video za harusi za studio kadhaa. Wana mashine tatu za mitumba, zote zinaendeshwa na FreeBSD, mfumo endeshi huria kama Linux, na diski zake ziko chini ya ZFS, mfumo wa faili unaopanga data na kuikagua. Wanataka kuzifunga pamoja kwa Ceph, programu huria inayogeuza mashine kadhaa kuwa ghala moja la data, ili mashine moja ikifa, harusi ya mtu isife nayo. Tatizo ni kwamba Ceph imekulia Linux. Kuihamisha, yaani kuujenga upya msimbo wake ili uende kwenye FreeBSD, kunawezekana, na watu wamekwisha kufanya hivyo. Mimi nauliza kama kunafaa.

Hoja yao ina uzito kuliko nilivyokiri siku ile. Ceph, aliyoianzisha Sage Weil alipokuwa mwanafunzi wa udaktari huko Santa Cruz, Marekani, hukata data vipande, na hesabu iitwayo CRUSH huamua kila nakala ikae diski ipi, bila daftari kuu la kuuliza. Hesabu haijui mfumo endeshi. Sehemu kubwa ya msimbo wenyewe huendeshwa nje ya kiini cha mfumo, kama programu nyingine yoyote. Tena ZFS wanayoipenda nayo ni mhamiaji: ilizaliwa Solaris, kwa kampuni ya Sun, ikaingia FreeBSD 7.0 mwaka 2008, na tangu toleo huria la OpenZFS 2.0 la mwaka 2020 Linux na FreeBSD zinatumia msimbo mmoja. Mtu akikuambia programu za hifadhi hazihamishiki, mwonyeshe hiyo.

Halafu kuna hoja ya usalama. Nakala tatu zikikaa kwenye Linux tatu za toleo moja, kasoro moja ya kiini inaweza kuziangusha zote usiku mmoja. Changanya mifumo, umegawanya hatari. Nilikuwa muumini wa hoja hii mpaka namba 35 iliponifundisha adabu.

Tulikuwa na kaprogramu ketu wenyewe, mistari mia chache, kakinakili faili kutoka mashine ya FreeBSD kwenda ya Linux. Jioni moja kakasimama. Kwenye skrini ya Linux pakaandikwa kwamba kuna mkwamo, yaani michakato miwili imeshikana shingo, kila mmoja unangoja mwenzake aachie. Tukatafuta mkwamo huo hadi saa nne usiku, tukachora mishale ubaoni, tukalaumiana. Mkwamo haukuwapo. FreeBSD ilikuwa imesema tu, "kwa sasa sina nafasi, jaribu tena", ambayo kwake ni kosa namba 35. Kaprogramu kakaituma namba hiyo tupu kupitia waya, na kwa Linux 35 ni mkwamo. "Jaribu tena" ya Linux ni 11. Na 11 ya FreeBSD? Mkwamo. Namba zimebadilishana viti!

Waliofika Kasumbalesa, mpakani kwetu na Zambia, wanalijua jambo hili bila kompyuta. Lori ni lile lile, dereva ni yule yule, lakini Zambia anaendesha kushoto na akiingia kwetu anahamia kulia. Asipohama, kosa haliko kwenye injini.

Ceph imejengewa hatua hiyo ya mpakani: toleo lake la FreeBSD lina jedwali la kutafsiri namba za makosa kabla hazijasafiri, na kuzirudisha katika lugha ya mwenyeji zinapopokelewa. Kazi nzuri. Lakini jedwali la namna hiyo lazima liwe kamili kila mahali namba inapopita. Chukua 61: kwa Linux maana yake data uliyoiomba haipo, kwa FreeBSD maana yake muunganisho umekataliwa. La kwanza ni jibu la kawaida kabisa, la pili linamfanya msimamizi aamke kitandani. Kwa hiyo ule mchanganyiko uliosifiwa kwa kugawa hatari ndio mahali pekee ambapo hatari hii inapatikana. Mashine tatu zote za FreeBSD zinaelewana zenyewe kwa zenyewe, lakini hapo umerudi kwenye kiini kimoja, tena chenye watumiaji wachache zaidi wa Ceph wa kugundua kasoro kabla yako.

Kinachoimaliza kesi, kwangu, ni ZFS yenyewe. Zamani Ceph iliweka vipande kama faili juu ya mfumo wa faili uliopo, kwa njia iitwayo FileStore. Kwa mvushaji ule ulikuwa mlango mpana, maana ZFS ilikaa chini, Ceph juu. Kisha ikaja BlueStore, inayoandika moja kwa moja kwenye diski tupu na kukagua data yenyewe. Mwaka 2017, katika toleo la Luminous, ikawa chaguo la kawaida, na mwaka 2023 toleo la Reef likaiacha FileStore kabisa. Unaweza kulazimisha ZFS ikae chini ya BlueStore, ila utakuwa na walinzi wawili wa lango moja, kila mmoja akikagua begi lile lile, kwenye mashine za mitumba. Vijana walitaka kuhamisha Ceph kwa ajili ya ZFS, na Ceph ya leo haina haja na ZFS.

Upande wa mteja, yaani programu inayosoma na kuandika data ya ghala, mambo ni tofauti. Mwaka 2021 Ceph ilipofika Windows, kilichovushwa ni sehemu ya kusoma na kuandika, na ghala likabaki Linux. Naona huo ndio mpaka wa busara. Mteja akikosea, unamzima na data iko salama. Ghala likikosea, video ya harusi ya mtu haipigwi mara ya pili. Na mara nyingi hata mteja si lazima, kwa kuwa Ceph ina lango linaloongea S3, utaratibu wa kuweka na kuchukua faili kwa mtandao, na S3 hupita juu ya HTTP, lugha ambayo kila mfumo unaijua.

Waliondoka hawajaridhika. Lakini wiki iliyopita nilipita kwao: mashine tatu zimewekewa Linux na Ceph, na ya nne, iliyonunuliwa baadaye, ni FreeBSD yenye ZFS. Iko chumba kingine kwa betri yake, na kila usiku inachota nakala kupitia S3. Juu yake wamebandika karatasi yenye namba tatu kwa kalamu nyekundu: 11, 35, 61.