Mtoto Anahema, Sisi Tunapima Homa

Kiangazi kikishika Dodoma na upepo kuanza, kila kikohozi cha mtoto tunakiita vumbi. Vumbi lipo, nani asiyelijua? Ila mtoto akikutwa hana joto na kipimo cha malaria hakina kitu, anarudishwa nyumbani huku bado anahema. Wengine hupelekwa kukatwa kimeo. Hilo linaniuma sana, maana wembe haufungui kifua kilichobana, unaleta damu na vidonda tu.

Homa si kipimo cha ukali wa ugonjwa wa kifua. Chukua virusi vya entero aina ya D68, vilivyogunduliwa California mwaka 1962. Vilipolipuka Marekani mwaka 2014, watoto wengi waliolazwa vifua vilikuwa vinapiga filimbi, hasa wenye pumu, na wengi wao hawakuwa na homa.

Kwa hiyo mvue mtoto nguo, mtazame akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11 ni 50. Mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, midomo ikigeuka rangi, au akishindwa kunyonya, usingoje kukuche. Muwahishe hospitali usiku huohuo.

Kumjua kirusi mwenyewe ni kazi ya maabara: ute wa puani hupimwa kwa PCR, kipimo kinachosaka vinasaba vya kirusi, na hata hapo vipimo vingi haviwezi kutenganisha entero na rhino, virusi vya mafua. Dawa yake mahususi hakuna. Oksijeni haingoji majibu.

Basi ya nini kupima? Kwa sababu watoto wachache walioambukizwa D68, siku kadhaa baada ya kikohozi, hulegea ghafla mkono au mguu. Nchini kwetu mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea hivyo huchukuliwa choo kutafuta polio, na utaratibu huo ni mzuri. Lakini D68 haihimili asidi ya tumbo, mara nyingi haionekani chooni. Choo kikirudi hakina polio, kirusi kilichokuwa puani kimeshatupita. Naomba kila mtoto aliyelegea, mzazi aulizwe kama alikohoa karibuni, na sampuli ya pua ichukuliwe siku ileile ya choo. Kuchukua sampuli ya pua tulishazoea tangu wakati wa korona.