Mkoromo wa usiku: tumwambie nini kijana kuhusu unga na pombe?

Miaka kadhaa nyuma, mtaani kwetu Ng'ambo, mjini Zanzibar, jirani yetu mmoja alimsikia mwanawe akikoroma usiku. Kijana alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke nyumba ya upataji nafuu, zile tunazoziita soba hausi. Mama akashukuru Mungu: leo kalala nyumbani, hayupo maskani, kule vijiweni wanakokaa wenziwe. Alipokwenda kumwamsha kwa sala ya alfajiri, midomo ilikuwa imeshageuka buluu na mwili umeshapoa.

Yule mama hakuwa mzembe. Hakupata wa kumwambia kuwa mkoromo mzito, wa kukwamakwama, kwa mtu aliyetumia unga, yaani heroini, ni dalili ya pumzi kukatika. Wala hakujua kuwa mtumiaji huwa hatarini zaidi akishakaa muda bila kutumia. Mwili umesahau, lakini yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Anayetoka soba hausi au jela, au aliyejizuia Ramadhani nzima, anaweza kuuliwa na kete, yaani kipakiti cha unga, ile ile aliyokuwa akiitumia kila siku.

Hata hivyo, kila elimu hii inapotajwa, jibu huwa moja: kumfundisha mtoto hayo ni kumfungulia mlango. Siidharau hoja hii. Vijana wetu wengi hawajawahi kuonja pombe, na hilo halikuja kwa bahati. Ni kazi ya wazee, ya chuo cha Kurani na ya jicho la mtaa. Kijitabu cha Ulaya kinachomshauri kijana anywe maji baina ya bia na bia kimeandikiwa mtu ambaye kunywa atakunywa tu. Mtoto wa skuli Wete, kule Pemba, ukimpa ushauri huo, atafahamu kuwa wakubwa wameshamkatia tamaa.

Lakini huyo huyo mtoto tunamwambia nini badala yake? Tunamtisha. Anaambiwa akivuta bangi mara moja tu atakuwa mwendawazimu. Siku moja anamwona rafiki yake kavuta, na kesho yake yuko darasani kama kawaida. Basi tumeshampoteza. Tukija kumwambia habari ya unga, ambayo ni ya kweli tupu, atadhani ni uongo ule ule. Ingetosha kumwambia ukweli: bangi haimtii wazimu kila mtu, lakini kwa anayeianza akiwa mdogo na kuivuta kila siku hatari ya maradhi ya akili huongezeka, na hakuna ajuaye mapema itamwangukia nani.

Na unga haukungoja tuutaje ndipo uje. Heroini ya Afghanistan inasafirishwa kwa majahazi katika Bahari ya Hindi, na visiwa vyetu vimo njiani. Tangu mwaka 2015 kuna kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, hapa Kidongo Chekundu, ambako watu huenda kunywa dawa mbele ya mhudumu. Hao ni watoto wa watu, na wengi walilelewa vizuri.

Rai yangu ni kutenganisha elimu mbili. Habari za sindano safi na vipimo ziwafikie wanaotumia, huko huko maskani, kutoka kwa watu wanaowaamini. Hazina kazi darasani. Lakini kumwokoa aliyezidiwa ni elimu ya kila mtu, kama tunavyofundishana kumtoa mtu majini. Mwite, mtikise, msugue kifua kwa nguvu. Haamki? Ita msaada. Kama anapumua, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, na aliyelewa pombe akapoteza fahamu ni vivyo hivyo. Pumzi ikikatika, mpulizie mdomoni. Mkimbize hospitali, na wakati wote usimwache peke yake. Maziwa, chumvi na ndoo ya maji hazisaidii, na chochote unachomtilia kinywani kinaweza kumziba pumzi. Wenziwe mara nyingi hukimbia kwa kuogopa polisi. Kijana aliyefundishwa haya angalau atajua anamwacha nani.

Kuna jambo jengine wazazi hulikosea kwa mapenzi: kumfungia kijana chumbani mpaka aache. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili ukiukosa, inatisha kwa macho, anatapika, anaharisha, analia mifupa, na akikosa maji mwilini anaweza kudhurika. Lakini mlevi wa kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa, ingawa siku ya mwanzo huonekana anatetemeka tu. Na aliyezoea kuchanganya na vidonge vya usingizi ni hivyo hivyo. Hao kuacha kwao ni chini ya daktari.

Mwezi uliopita mama mwengine, mwanawe yuko njiani kutoka soba hausi, alinivuta pembeni baada ya arusi. Hakuniuliza kama ni halali au haramu kujua. Aliniomba nimwigizie ule mkoromo, nikamwigizia, akanambia: "Tena."