Mtazameni bibi anavyoinuka

Miezi miwili iliyopita nilimpeleka bibi yangu kliniki, hapa Lamu. Ana miaka 78. Akapimwa presha, akapimwa sukari, akaandikiwa dawa zile zile, tukarudi mtaani kwetu Langoni polepole, nimemshika mkono. Hakuna aliyemwambia ainuke kitini ili wamtazame. Na mimi nyumbani nilikuwa nimeshaona jambo lililonitia hofu: aliomba aletewe kiti cha kuswalia.

Anayeswali faradhi zote tano hurukuu na kusujudu katika rakaa 17 kila siku. Tangu nipate akili sijawahi kumwona bibi akiswali ameketi. Magoti yake yalikuwa yanatoa habari ambayo mashine ya presha haina njia ya kuisoma.

Shirika la Afya Duniani lilishasema katika ripoti yake ya mwaka 2015 kwamba kuzeeka kwa afya si kukosa maradhi. Ni kukuza na kudumisha uwezo wa kufanya yale ambayo mtu mwenyewe anayathamini. Kwa hiyo hutazamwa mwendo, akili, nguvu na lishe, macho na masikio, na hali ya nafsi. Vipimo vya kuanzia havihitaji hata umeme. Mzee aketi kitini, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara tano. Asipomaliza ndani ya sekunde 14, achunguzwe zaidi. Aulizwe kama amepungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi mitatu bila kukusudia. Anong'onezwe maneno kutoka nyuma, ayarudie. Aulizwe kama wiki mbili hizi amekuwa na huzuni, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda.

Hilo la masikio lisichukuliwe wepesi. Katika vichochoro vyetu punda hutokea nyuma yako, na anayekuokoa ni yule anayeita "Pisha!" Asiyesikia ataacha kutoka. Akiacha kutoka, miguu hulegea, baraza humsahau, na baadaye watu husema amechanganyikiwa, kumbe tatizo lilianzia sikioni. Ndiyo maana sipendi kuona mambo haya matano yakijumlishwa kuwa alama moja. Alama moja haitakwambia uanzie wapi.

Lakini vipimo hivi navyo vinataka mtu anayemjua anayempima. Kumbukumbu hupimwa kwa kumpa mzee maneno matatu ayashike, na kumwuliza tarehe ya leo na mahali alipo. Jirani yetu mmoja, mzee wa miaka zaidi ya 80, aliulizwa tarehe na kijana wa kutoka mbali aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Akajibu: "Mwezi kumi na mbili, mfungo sita." Yaani siku ya kumi na mbili ya mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Ilikuwa ndiyo siku yenyewe ya Maulidi, na jibu lake lilikuwa sahihi. Kijana akasikia Desemba, akaandika kwamba kumbukumbu imepungua. Niliumia sana siku ile. Mzee anayehesabu siku zake kwa mwezi mwandamo, na mji mzima unamtegemea kwa hesabu hiyo, aliwekwa katika fungu la waliosahau kwa sababu aliyeuliza hakujua mfungo ni nini.

Nisieleweke kwamba nakataa vipimo. Navitaka viwepo katika kila zahanati ya visiwa hivi, vifanywe na watu wanaoijua lugha yetu, na virudiwe kila baada ya muda, kwa sababu kinachotisha zaidi ni kushuka. Mzee aliyetumia sekunde 11 mwaka jana na 14 mwaka huu bado hajavuka mpaka, ila kuna kitu kimeanza kumtoka, na huo ndio wakati wa kumsaidia. Na akipimwa, apewe kitu: miwani, mazoezi, chakula chenye nguvu. Kumwambia mzee amepungua kisha kumwacha aende zake ni kumwongezea majonzi.

Tuliporudi kutoka kliniki nilimkalisha bibi kwenye kiti kile kile cha kuswalia, nikahesabu. Sekunde 19. Tangu hapo, kila siku baada ya alasiri, huketi hapo akainuka mara tano, akapumzika, akainuka tena, mimi nikiwa mbele yake nimenyoosha mikono. Ijumaa iliyopita ilikuwa 16. Kiti bado anakitumia kwa swala, isipokuwa alfajiri. Alfajiri ameanza kusimama.