Koti la Mary Smith na minong'ono ya Dodoma

Katika Easy Living, filamu ya Marekani ya mwaka 1937, tajiri wa benki J.B. Ball anagombana na mkewe kwa ajili ya koti la manyoya la dola 58,000. Kwa hasira analitupa kutoka juu ya jengo, nalo linamwangukia Mary Smith, mfanyakazi wa kawaida aliyepanda basi. Mary anataka kulirudisha, Ball anakataa, tena anamnunulia kofia mpya badala ya ile iliyoharibika. Muuza kofia anawaona pamoja, na habari inaenea New York kwamba huyu ni hawara wa Ball.

Mwenye hoteli anayedaiwa na Ball anamkaribisha Mary kwenye vyumba vya kifahari, akitumaini kuhurumiwa. Jean Arthur, anayemwigiza Mary, anazunguka humo kwa mshangao, njaa inamuuma na hela ya chakula hana.

Wanaoisifu filamu hii wana hoja nzito: mwandishi wake, Preston Sturges, hamcheki Mary, anawacheka wanaojipendekeza. Anayeishi Dodoma anawafahamu watu hao, hasa miezi ya Bunge la Bajeti. Ikisemwa tu kwamba fulani ni "wa mheshimiwa", chumba kinapatikana palipokuwa pamejaa na mwenye nyumba anasahau kudai kodi. Hakuna anayemuuliza mheshimiwa mwenyewe. Mary naye anaulizwa kuhusu hisa za chuma, anajibu kwa utani aliotaniwa na kijana mmoja kwamba zitashuka, na soko linaporomoka kweli. Kwangu hapo ndipo filamu inapouma zaidi, maana neno la asiyejua kitu linapata nguvu kwa sababu ya anayedhaniwa yuko nyuma yake.

Lakini uvumi huohuo, kwa wanawake wengi, hauleti hoteli. Binti anaajiriwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, kwa vyeti vyake, ananunua simu nzuri, na tayari "ana mtu wake". Nimemsikia mmoja akichambuliwa ndani ya daladala, kuanzia viatu hadi mkoba, na watu wasiojua hata jina lake. Akipandishwa cheo, jasho lake halihesabiwi. Filamu inamfidia Mary kwa mapenzi ya kijana yule, ambaye kumbe ni mtoto wa Ball mwenyewe, kana kwamba kusingiziwa ni njia ya kufikia bahati. Hilo nalikataa, ingawa nakiri kwamba vichekesho vya mapenzi vya enzi ile vilidai ndoa mwishoni.

Sehemu iliyonigusa ni fupi. Mary anafika kazini, kwenye jarida la wavulana, akiwa na lile koti. Maelezo yake hayaaminiki. Wakubwa wake wanalitazama koti, wanahukumu, wanamfukuza. Ajira imekwenda kabla uvumi haujamletea chochote. Filamu inaharakisha kuelekea hotelini, na hapo naona Sturges na mwongozaji Mitchell Leisen walipaswa kukaa zaidi.